Mwenye Kukalia Viti Viwili

Ruiru, Ijumaa jioni

Mwanangu Kariuki,

Usilicheke hilo neno. Kesho kwenye chai ya kukuaga, mbele ya watu wa kanisa, utaniita "Maitũ" kwa sauti kubwa, wazee watafurahi, na wageni wasio Wakikuyu watauliza inakuwaje kijana mwenye ndevu amwite mama msichana aliyetoka shuleni juzi. Baba atawaeleza kama anavyowaeleza watu siku zote: kwamba mimi ni binti yake wa kwanza, nikapewa jina la mama yake, na kwa hiyo mimi ni mama yake yeye, na mama yako wewe uliye ndugu yake wa mwisho. Watacheka, kisha watarudi kwenye viazi vyao. Lakini mkitaka niwe mama, basi nitakuwa mama hadi mwisho wa barua hii, nawe utakaa chini unisikilize.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kutolala ovyo ndani ya garimoshi, utaambiwa na mama yangu, ambaye tangu asubuhi hana wimbo mwingine. Mimi nina jambo moja. Baba ameniita leo akaniambia, "Maitũ, kesho kabla hajaondoka utambariki mtoto wako, umtemee mate kifuani kama mama alivyokuwa akifanya." Nikaendelea kumenya viazi. Baba anadhani ni haya zangu. Si haya. Sitakubariki mpaka uende Thika, usimame mbele ya Bwana Karsan mwenye kiwanda, umwambie ni nani aliyetaja ule mkebe wa kona.

Wafula amefukuzwa kazi kwa sababu yako. Amepewa hadi Jumapili kutoka kwenye chumba cha kiwanda, yeye na mkewe Nekesa na watoto. Wewe umepewa safari ya Kampala ukasome kemia. Nimejaribu kuyaweka mambo hayo mawili mahali pamoja kichwani mwangu, yakakataa kukaa.

Nakumbuka siku tulipomzika cucu, mama yako mzazi. Nilikuwa mdogo, wewe ulikuwa umeshabadilika sauti. Watu walipotawanyika ulikuja nyuma ya ghala la mahindi nilikokuwa nimejificha, ukalaza kichwa chako mapajani mwangu, ukasema, "Sasa ni wewe tu, Maitũ." Kichwa chako kilikuwa kizito nami nikafa ganzi miguu yote, lakini sikusogea. Tangu siku hiyo sikuona mchezo katika neno hilo. Ulipoiba miwa ya katekista, ni mimi niliyepelekwa kuomba radhi, nami nilikuwa siwezi hata kumsalimia katekista bila kuangalia vidole vya miguu yangu. Nilienda. Ndiyo maana naumia kukuona ulivyo sasa, na koti lako la kuazima, na kalamu mbili mfukoni ambazo moja haina wino, ukiwaambia vijana wa stesheni, "Sisi wakemia." Sisi wakemia! Hujui hata ni nini kilichokuwa ndani ya chupa zako.

Nitakuambia kilichokuwemo, maana hukuwahi kuniuliza.

Shuleni mwalimu wetu wa sayansi alituonyesha maji yenye chumvi ya shaba. Yalikuwa ya buluu hafifu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Akadondosha amonia, yakageuka buluu nzito ya kutisha. Shaba ilikuwa ile ile. Wasichana wakapiga makofi, kengele ikalia, wakaenda kula. Mimi nilibaki nikiosha vyombo polepole ili nibaki. Sikuweza kuuliza kwa mdomo, nikaandika swali kwenye karatasi nikaliacha juu ya meza yake. Siku ya pili alinipa kitabu, akanionyesha ukurasa. Chembe ya metali haikai peke yake. Ina nafasi kuizunguka, kama viti, na lazima mtu akae. Maji yakikaa, metali ina tabia hii. Amonia ikiwaondoa maji na kukaa, ina tabia nyingine, rangi nyingine, ukali mwingine. Hao wanaokaa kitabu kiliwaita ligandi. Na kilisema jambo ambalo lilininyima usingizi kwa furaha: kwamba mtu anaweza kuchagua wa kukaa. Kwamba usipoweza kuibadilisha metali yenyewe, unaweza kuitafutia wenzake, nayo ikafanya kazi unayoitaka.

Basi uliponipatia kazi ya kuosha chupa kwenye kiwanda cha ngozi, ulikokuwa ukichanganya dawa, asante, kwa hilo nashukuru, nilikuta watu wazima wakigombana na kromu, metali ya kuivishia ngozi, kama watu wanaogombana na punda. Ngozi zilitoka kwenye lile pipa kubwa la kuzunguka zikiwa zimekunjamana juu, na ukizikata, katikati mbichi, nyeupe kama mafuta ya kondoo. Bwana Karsan akilaumu ngozi. Fundi akilaumu maji ya mto. Wewe ukilaumu, nakumbuka vizuri, "hali ya hewa ya Thika." Ulisema hivyo ukiwa umeweka mikono nyuma.

Hali ya hewa!

Kromu ina viti sita, Kariuki. Ngozi nayo inataka kiti. Ikikipata, ndiyo inakuwa ngozi ya kiatu na haiozi. Viti vikiwa na maji matupu, ambayo huinuka yakiguswa tu, ngozi ya juu inamnyakua kromu mlangoni, inajifunga, na ya ndani haipati kitu. Ndiyo kule kukunjamana. Inatakiwa umkalishe mgeni mwenye adabu, asiyeinuka haraka, lakini anayeinuka mwenyewe akifika. Kromu apite polepole hadi ndani kabisa, ndipo mgeni ampishe.

Nilijaribu kwenye mitungi ya jamu, juu ya jiko la primasi, nyuma ya mlango, wakati wewe umeenda kunywa chai na makarani. Mara ya kwanza nilikosea. Nilidhani mshikaji mwenye nguvu ndiye bora, nikakamulia ndimu za watu hadi mikono ikawasha. Kipande cha ngozi nilichokitia kikajikunja kwenye maji ya moto kama utumbo wa kuku. Hicho ndicho kipimo, unakijua: ngozi iliyoiva ukiitia kwenye maji yanayochemka inabaki bapa. Ile ya ndimu haikubaki bapa hata kidogo. Nikajifunza. Ndimu inamshika kromu kwa mikono mingi na haimwachi.

Kisha nikajaribu oksaleti, kutoka kwenye mkebe wa kona ambao hutumika kutolea madoa ya kutu. Huyo ni mbaya kuliko ndimu. Anakalia viti viwili peke yake, mguu huku, mguu kule. Wakiwa watatu wamemaliza viti vyote sita, na ngozi inabaki imesimama nje kama mtu asiye na pasi ya kuingia. Lakini rangi yake, sitakudanganya, ni nzuri. Zambarau nzito, ukiuinua mtungi kwenye dirisha unaona wekundu ndani. Hata mimi niliutazama kwa muda mrefu.

Halafu ukaja mtungi wa fomati, niliyoitengeneza kwa ile asidi inayonuka siafu na magadi kidogo. Kijani, kama bwawa la ng'ombe. Hakuna mtu angeupenda kwa kuutazama. Ngozi yake ilikaa kwenye maji ya moto bapa kama karatasi, na nilipoikata, kijani ilikuwa imefika katikati. Nilicheka peke yangu nyuma ya mlango.

Ukaingia. "Maitũ, ni nini hiki?"

"Ni kromu. Nimeibadilishia wenzake."

"Na hii ngozi imepita?"

"Imepita."

Hukungoja niseme ni ya mtungi upi. Uliichukua ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukachukua ule mtungi wa zambarau, ambao nilikuwa nimeuandikia ubavuni, "oksaleti, mkebe wa kona." Ukauinua kwenye dirisha, ukapiga mluzi, ukaenda. Nilikuita. Labda niliita kwa sauti yangu ya siku zote, ambayo hata mbuzi haigeuki. Lakini ulikuwa na masikio, na ulikuwa na miaka yote hii ya kujua sauti yangu ilivyo.

Iliniuma uliposema kwa Bwana Karsan, "Nimeiunda mwenyewe." Iliniuma, sikatai. Ila si hilo ninalokudharau kwalo. Watoto huchukua vitu vya mama zao. Nakudharau kwa kuchagua dawa kama mtu anayechagua kitambaa cha shati.

Pipa likajazwa. Siku ngozi zilipotolewa, zilikuwa laini vibaya, zinanuka, na ukizikata, mbichi kuliko zile za kwanza. Ulikuja mbio kwangu, jasho kwenye mdomo wa juu. "Maitũ, imekuwaje?" Nami, mama mjinga, nikakueleza yote. Nikakwambia ulichukua mtungi usio wenyewe. Nikakwambia ni oksaleti, anayekalia viti viwili. Nikakwambia dawa yenyewe ni fomati. Ulikuwa hulijui neno hilo hata kidogo. Nilikufundisha kulitamka nikiwa nimesimama kando ya beseni la chupa, na ulilirudia kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Mchana huo huo ukalitumia kumzika Wafula.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ndoo. Bwana Karsan alikuwa amevimba shingo, tambuu mdomoni. "Nani naweka dawa ndani ya pipa? Nani?"

"Mimi, bwana," Wafula akasema. "Huyu aliniambia niweke."

"Nilimwambia fomati!" Ulisema hivyo bila kupepesa jicho. "Fomati, bwana. Hawa watu wa mbali wakiambiwa kitu hawasikii. Ukimwambia buku analeta puku."

Watu wakacheka. Na Wafula naye akacheka kidogo, maana ni mtu wa mzaha, hakujua bado kwamba shimo ni lake. Akasema, "Puku nitaleta, ndugu yangu, na pia ya chupa nitakunywa. Lakini hiyo fomati ndiyo naisikia leo. Wewe ulisema, 'Wafula, tia okisareti, ule mkebe wa kona.' Hata niliwauliza wenzangu, jamani, huyu Okisareti ni mtu wa wapi, ni Mkamba?"

Wakacheka zaidi. Bwana Karsan hakucheka. "Wewe hapana jua soma, napata wapi neno? Naongopa tu. Toka!"

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo kiini cha barua hii. Okisareti. Hivyo ndivyo alivyosema. Wewe unajua nilivyopigwa rula vidoleni shuleni mpaka l na r zikaachana mdomoni mwangu. Wewe hazijaachana hadi leo. Unasema "rori la mawe." Unasema "Bwana Kalsan." Wafula hasemi hivyo. Wabukusu wana matatizo yao na b, lakini l yao ni l na r yao ni r; husema lori, husema ruhusa, sijamsikia akikosea hata mara moja. Mkebe hawezi kuusoma. Kama angejichukulia mwenyewe, asingekuwa na jina la kuutajia. Jina analo, na lina r yako katikati. Alilipokea kutoka kinywani mwako kama lilivyo, akalitunza kama lilivyo, akalirudisha mbele ya watu likiwa na alama yako kama ng'ombe mwenye chapa. Ukalisikia. Nilikuona. Uliangalia viatu vyako.

Nilienda kwa Bwana Karsan. Hukujua, sasa ujue. Nilisimama mlangoni pa ofisi yake hadi aliponiona, nikamweleza habari ya l na r. Alinisikiliza, nadhani alinisikiliza kweli, kisha akasema, "Wewe osha chupa, toto. Hapana osha kichwa yangu." Akaniambia pipa la pili limetoka zuri kwa fomati ya Kariuki, na Kariuki ni kijana wa akili, ameshamwandikia mkuu wa chuo. Nikarudi kwenye beseni la chupa. Nilikuwa nimetumia sauti yangu yote ya mwezi mzima.

Kwa hiyo limebaki neno lako tu. Mtu aliyekuamini katika uongo atakuamini katika ukweli. Mimi hawezi kuniamini katika lolote, kwa sababu nina ndoo.

Jana nilipita kwenye vyumba vya wafanyakazi. Nekesa alikuwa anakunja mablanketi, na wale watoto wamekalia sanduku. Nilisimama nimeshika mlango. Wafula akaniambia, "Ingia, dada. Au nikuite mama? Nasikia kwa desturi yenu wewe ndiye mama wa yule bwana mkubwa."

Nikasema ndiyo.

"Basi, mama, kwetu mtoto akivunja chungu cha jirani, jirani hamfuati mtoto. Anakwenda kwa mama yake." Alisema akitabasamu. Nekesa hakutabasamu. Akaongeza, "Sitaki chungu kipya. Aje tu aseme, ni mimi niliyekivunja."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kazi. Ndiyo hii.

Huko Kampala watakufundisha habari ya ligandi vizuri zaidi kuliko mitungi yangu ya jamu. Wataalamu siku hizi wanahesabu ni kwa kiasi gani kila mkaaji anaisukuma metali, na kwa nini huyu huleta zambarau na yule kijani. Natamani kuyasoma hayo hadi meno yananiuma. Wewe utayasoma bila hamu, utapita mtihani, maana kichwa unacho, sijawahi kusema huna. Wakikupa kazi ya kubuni mkaaji mpya, usianze kwa kuuliza ni nani mwenye nguvu, wala ni nani mwenye sura. Uliza metali inakwenda kufanya kazi gani, na ni nani mwingine aliyesimama nje akingoja kiti. Mimi niliharibu ndimu nyingi kabla sijauliza hilo. Wewe umeharibu pipa zima, na bado hujauliza.

Na nikuambie jambo la mwisho kuhusu dharau, kwa kuwa nimeiandika sana hapa na mkono wangu hauna mazoea nayo. Katekista na baba na akina mama wanaokatakata kabichi hapo nje, wote wanakusifu, na kila mmoja sifa yake inanitapisha kidogo. Mama Njeri amesema utarudi na dawa ya kila ugonjwa. Nimemenya kiazi hadi kikaisha. Lakini ningekuwa nakudharau kabisa ningekuacha uende. Ningekutemea mate makavu kifuani mbele ya watu, ukafurahi, ukaondoka. Mtu hasumbuki hivi kwa mtu aliyemwacha.

Kampala ni mbali, na garimoshi lako linapita kwao Wafula. Sitaki upite pale umefunga dirisha.

Kesho ni Jumamosi. Bwana Karsan hufika mapema na kuondoka adhuhuri. Nitapanda basi la kwanza niwe langoni pa kiwanda kabla yake. Chai ya kanisa itatungoja, na ikipoa ipoe. Sitakusemea, utasema mwenyewe, kwa l na r zozote ulizo nazo, atakuelewa. Nimemwomba Wafula naye aje. Amesema atakuja, lakini hatavua kofia mpaka akusikie.

Ukisema, nitakubariki pale pale langoni, walinzi wakitutazama, na wewe unajua ni kiasi gani naogopa kutazamwa. Usipokuja, nitarudi Ruiru peke yangu, nitamwambia baba mbele ya wageni wote kwamba jina la mama yenu bado ninalo, ila mtoto sina.

Mimi,
Maitũ wako, Nyambura